Kadzama ya Mwonja Chai

Mara ya kwanza nilipomwona Gedion Musyoka, alikuwa anatema. Alikuwa amevaa aproni ya kijani, amesimama mbele ya meza ndefu yenye vikombe vyeupe mia moja na ishirini, ndani ya ghala la chai huko Changamwe. Alichota kwa kijiko, akafyonza kwa kishindo kama mtu anayepasua kitambaa, akaizungusha chai mdomoni, kisha akaitema kwenye ndoo ya magurudumu aliyokuwa akiisukuma kwa goti. Akasema neno moja, karani akaandika, akahamia kikombe cha pili. Alivimaliza vyote chini ya saa moja na hakumeza hata tone.

Nilikuwa nimekwenda pale kuandika habari za chai, lakini miguu yangu ina historia ya mvinyo. Nimekaa na wakulima wa Kakheti, kule Georgia, ambao huzika divai ardhini ndani ya mitungi mikubwa kuliko mtu. Nimepanda matuta ya bonde la Douro huko Ureno nikiwafuata watu wa zabibu, na nimepita mashamba ya Stellenbosch, Afrika Kusini, ambako mgeni huonyeshwa ndoo ya kutemea kabla hajaonyeshwa kiti. Katika safari zote hizo, waonjaji wenye ulimi kama wa huyu Mkamba aliyezaliwa Changamwe nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Aliingia ghalani akiwa na miaka kumi na tisa, kazi yake kuosha vikombe. Siku moja mwonjaji mkuu alimsikia akinong'ona kwamba kikombe cha tisa kimeoshwa kwa maji ya tangi la nyuma. Wakachunguza, wakakuta ni kweli. Sasa ana miaka thelathini na nne. Hali pilipili, hali kitunguu kibichi, hajipaki manukato. Siku za kazi hagusi pombe kwa sababu ya ulimi, na siku zisizo za kazi haigusi kwa sababu ya mama yake, ambaye ni mzee wa kanisa.

Nilimwonyesha kikombe kimoja nikamuuliza anaona nini humo.

"Nandi," alisema. "Upande wa mlima unaopata jua la asubuhi. Majani yalichumwa baada ya mvua, na mashine iliyoyakata ilikuwa na meno butu."

"Meno ya mashine utayajuaje?"

"Jani likikatwa vibaya lina ukakasi. Linakushika hapa." Akagusa ufizi. "Kama mtu anayekusukuma kwa kiwiko kwenye foleni."

Alisema hivyo bila kujisifu, na bila raha pia. Wiki ile Gedion alikuwa na jambo zito kuliko chai. Alikuwa amerudishiwa kadzama.

Kadzama ni kibuyu cha tembo la mnazi kinachotangulia mbele ya mahari katika nyumba za Wamijikenda. Kijana akitaka kuoa huleta kibuyu hicho, wazee wa binti wakalionja tembo, na wakiridhika mambo mengine yote hufuata. Wasiporidhika, hakuna la kuzungumza. (Pwani hii mti na kinywaji vyote huitwa mnazi. Mimi nitasema tembo, ili msomaji asipotee.) Gedion alimpenda Roseline, mwalimu wa shule ya msingi huko Kisauni, Mgiriama, yaani Mmijikenda, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa la watoto sabini. Baba yake Roseline alishafariki. Aliyebaki na neno ni baba yake mkubwa, Mzee Boga Mramba wa Kiembeni.

Habari yenyewe nilipewa wakati wa chakula cha mchana, nusu na Gedion, nusu na mshenga wake. Mshenga huyo ni Shee, msimamizi wa ghala, Mswahili wa Likoni wa nyumba ya zamani, ambaye husalimia kwa dakika tatu kabla ya kuuliza anachotaka. Alikuwa ameikubali kazi ya ushenga kwa sharti moja.

"Nalimwambia, mimi nitasema, sitabeba," alinieleza. "Maneno yangu ni halali. Kibuyu chake atakijua mwenyewe."

Walifika Kiembeni Jumamosi, Gedion na kibuyu kifuani, Shee hatua kumi pembeni. Tembo Gedion alikuwa amelinunua kwenye kilabu kimoja kando ya barabara, ambacho sitakitaja, kwa sababu ndicho kilikuwa karibu, naye hakujua kingine. Wazee walikuwa wameketi. Katikati yao alikuwa Mzee Boga, aliyegema minazi kwa miaka arobaini mpaka siku alipoanguka na kuvunjika nyonga. Hospitali ilimwekea chuma, na mkewe akamwekea amri: mguu wake usiguse mnazi tena. Tangu hapo kazi yake katika ukoo ni kuonja kadzama za wakwe.

Kwa desturi, aliyeleta tembo hunywa kwanza, ili watu wajue hakutia kitu. Gedion akapewa kifuu cha nazi kilichojaa.  Mdomo wake, uliofanya kazi moja kwa miaka kumi na mitano, ukaifanya kazi ileile: ukafyonza kwa kishindo, ukazungusha, ukatema. Ulitema kistaarabu kabisa, sentimita chache kutoka kwenye kiatu cha Mzee Boga.

"Ua zima likanyamaza," alisema Shee. "Hata kuku, wallahi."

Mtu akilitema tembo alilolileta mwenyewe, huku maana yake ni moja tu: kuna kitu humo ndani na yeye anakijua.

"Umetia nini?" akauliza Mzee Boga.

"Sijatia kitu, mzee."

"Mbona umetema?"

Hapo angeweza kusema amepaliwa. Shee alikuwa anamfinya mkono aseme hivyo. Lakini mtu aliyezoea kuulizwa mbele ya vikombe hujibu kama yuko mbele ya vikombe.

"Lina maji, mzee. Maji ya bomba, yametiwa dawa. Na sukari, tena nyingi."

Mzee Boga akachukua kifuu, akanywa funda moja, akamtazama Gedion kwa muda mrefu.

"Kijana amesema kweli," akawaambia wenzake. "Ametuletea maji ya sukari, na yeye mwenyewe ndiye shahidi. Sijawahi kuona mtu anayejishtaki akashinda kesi."

Wazee wakacheka, na kicheko kile kilimuuma Gedion kuliko matusi. Kadzama ikamwagwa kwenye shina la mgomba.

"Nakupa wiki mbili," Mzee Boga akasema. "Lete ya pili. Ya tatu haipo, wala usimtume huyu Mswahili aje kuniomba kwa maneno matamu. Na ujifunze kumeza."

Roseline alikuwa jikoni na alisikia kila neno. Usiku ule alimtumia Gedion ujumbe mfupi: *Mimi sitatoroka na mtu. Nitatoka mlangoni kwetu au sitoki. Tafuta tembo.*

Nilipoyasikia hayo niliomba nifuatane naye. Nilisema nimetembelea nyumba nyingi za mvinyo, huenda nikafaa. Gedion alinitazama kwa huruma, lakini hakukataa.

Jumapili, baada ya ibada, tulianza Magogoni. Gedion alikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga mfukoni. Katika mangwe ya kwanza, kama wanavyoviita vilabu vya tembo huku, alilitoa kopo, akafyonza, akatema. Mzee mmoja mwenye kofia ya ulinzi akanyanyuka na kusogeza kiti chake.

"Huyu ana kifua?"

"Sina kifua, mzee. Naonja tu."

"Hapa hatuonji, hapa tunakunywa. Kuonja nenda kwa mkeo, ukaonje mchuzi!"

"Mke ndiye ninayemtafuta," Gedion akasema, na kila mtu akacheka isipokuwa yeye.

Tembo la pale lilikuwa na maji. La Utange, tulikofika saa nane, lilikuwa limechanganywa na la jana. Gedion alilijua kabla sijalifikisha mdomoni. Kule walimfukuza kwa ajili ya kopo, na mimi wakanifukuza kwa kuwa nimekuja naye.

Saa kumi tukafika Mwakirunge, ambako nyumba zinaanza kuachana na minazi inaanza kusogeleana. Mangwe ya Mwanatabu ni paa la makuti, mabenchi manne, na sakafu iliyofagiliwa ikaacha mistari. Mwanatabu mwenyewe ni mjane mnene wa miaka hamsini na kitu, leso kifuani, na jicho ambalo halikosi kitu.

"Shikamoo, mama," Gedion akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hilo kopo la nini?"

"La kutemea, mama."

"Kutemea nini?"

"Tembo."

"Tembo langu?" Akaweka mikono kiunoni. "Na huyu mwenzio aliyebeba daftari?"

"Huyu ameonja mvinyo nchi nyingi."

"Na kwao hawakumpa kazi ya kufanya?" Akanigeukia kidogo tu, kisha akarudi kwake. "Sikiliza. Mume wangu nilimzika, nikabaki na minazi thelathini na miwili. Ndiyo inayonilisha. Mgema wangu Kai hupanda alfajiri kwenye umande, mti umeteleza kama samaki, aniletee hicho unachotaka kukitema kwenye kopo la maziwa. Hapa anayetema huondoka. Chagua."

Gedion alisimama pale huku kopo liko mkononi. Nilimwona akipiga hesabu: Jumapili ya kwanza imekwisha, hii ndiyo ya mwisho, na vilabu viwili havikufaa. Akalirudisha kopo mfukoni. Akapokea kifuu kwa mikono miwili, akanywa, na nikaona koo lake likipanda na kushuka.

Akakishusha kifuu. Akanywa tena.

"Limechanganywa," akasema.

Mwanatabu akasogea kama mtu aliyetukaniwa mama. "Maji? Kwangu mimi?"

"Si maji, mama. Miti. Hapa ndani mna miti mingi. Inasema kwa pamoja. Mmoja ni mzuri sana, lakini wenzake wameuzuia." Akaishika shingo yake kwa mshangao. "Nausikia hapa. Ulimini haupo. Uko huku chini."

Sijui kama msomaji amewahi kumwona mtu akigundua kwamba nyumba aliyoishi miaka yote ina chumba cha nyuma. Gedion alikuwa na sura hiyo. Chai yote aliyoionja maishani ilikuwa imeishia mlangoni.

Mwanatabu akaligeukia shamba. Kisha akapaza sauti.

"Kai! Usimimine! Leta vibuyu kama vilivyo!"

Kai alikuja kutoka shambani na vibuyu vitano vya jioni, kimoja kwa kila mti. Ni mtu mwembamba, nyayo ngumu, na kisu chake cha kugemea, kotama, kimechomekwa kiunoni. Alipoelezwa kinachotakiwa alicheka kwa pua.

"Mkamba atajua minazi yangu? Kwao kuna nini, mibuyu na mbuzi?"

"Mpe," Mwanatabu akasema.

Gedion akanywa cha kwanza. "Mti huu unakunywa maji ya chumvi."

"Uko ukingoni mwa kijito. Hata mtoto angekisia."

Cha pili. Gedion akakunja uso. "Kibuyu hiki kimeoshwa kwa sabuni ya unga."

Mwanatabu akageuka polepole. "Kai."

"Kilikuwa na wadudu, mama! Nilisuuza mara tatu."

"Ungesuuza ya nne," Gedion akasema, na sasa walevi wa mabenchi mawili walikuwa wamehamia kwetu na vifuu vyao.

Kibuyu cha tatu alikinywa, akagusa ufizi, nikajua anachotaka kusema kabla hajasema.

"Huu umekatwa nene. Una ukakasi. Kisu kilikuwa butu."

Kai hakucheka tena. Akaichomoa ile kotama, akaipitisha kidole, akairudisha. Alikiri kwamba jiwe la kunolea lilipotea juzi na mti ule ndio alioufikia mwisho. Halafu, kwa kuwa mtu akishafichuliwa kazini huwa rafiki au adui na yeye aliamua kuwa rafiki, akatueleza. Ua la mnazi kabla halijafunguka, karara, hufungwa kwa kamba na kukatwa ncha kila siku asubuhi na jioni, kipande chembamba kama ukucha. Chembamba tu. Ukikata nene tembo linatoka na uchungu wa mti, na mkono unaojua kukata chembamba lazima ukate kila siku.

"Ukipumzika mwezi mmoja tu mkono unanenepa," alisema Kai. "Nilipougua malaria nilirudi nikigema kama babu."

Cha nne kilikuwa cha kawaida. Cha tano Gedion alikinywa, akafumba macho, akaanza kucheka peke yake.

"Ndio huu. Uko wapi?"

"Ule?" Kai alishangaa. "Ule mfupi, nyuma ya zizi la mbuzi. Mimi naupenda kwa kuwa hauchoshi kupanda."

Gedion akamweleza habari ya Kiembeni, na kuanzia hapo Mwanatabu akaichukua ile kadzama kama ni ya mwanawe. Tembo la alfajiri, alisema, ni tamu kama soda ya watoto, na wazee wataliona ni dharau. La kulala ni siki. Linalotakiwa ni la alfajiri lililokwishaona jua la mchana. Na lisipande pikipiki, kwa sababu pikipiki hulitikisa, likatoa povu, na mgema wa zamani akiona povu atajua umelikimbiza. Lazima libebwe kwa miguu, na mbebaji asiwe na haraka.

"Kutoka hapa mpaka Kiembeni?" niliuliza.

"Wewe uliyezunguka nchi zote miguu inakuuma?"

Jumamosi ya siku ya mwisho tuliondoka Mwakirunge saa nne unusu. Kai alikuwa ameligema alfajiri kwa kotama iliyong'aa na kibuyu kilichosuuzwa kwa maji matupu mbele ya macho ya Mwanatabu. Gedion alikibeba kifuani, amekifunga kwa leso aliyopewa na mama huyo, akitembea kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Shee alitembea upande wa pili wa barabara na mwavuli wake mweusi, kanzu imepigwa pasi, akisalimia kila mtu kwa niaba yetu. Waendesha bodaboda walipunguza mwendo kutucheka, kisha wakaona kibuyu, wakaelewa, na mmoja akapiga honi ndefu ya heri. Wanawake wawili waliokuwa wakiuza mihogo wakatupigia vigelegele. Kila baada ya nusu saa Gedion alisimama kivulini, akafungua, akanusa, akafunga.

"Bado," alisema mara ya kwanza. "Bado," mara ya pili. Tulipoliona lango la Mzee Boga akanusa tena, akasema, "Sasa."

Ua lilikuwa limejaa kuliko safari ya kwanza. Habari ya mtu aliyejishtaki ilikuwa imesambaa, na watu hawakutaka kukosa rufaa yake. Shee alitoa salamu zake zote, hakupunguza hata moja. Mzee Boga akaipokea kadzama, akaingia nayo ndani, akakaa huko kidogo, akatoka na sinia lenye vifuu vitatu.

"Mtu wangu," alimwambia Gedion, "safari ile ulituonyesha unajua kutema. Hapa kuna vifuu vitatu. Kimoja nimechota katika kadzama yako. Viwili vimetoka kwingine, nimenunua. Nionyeshe chako. Ukikosa, ndiyo kusema hujui ulichotuletea, na mtu asiyejua anachotuletea hatumpi mtoto. Na leo ni kumeza."

"Mzee, hilo halikuwamo katika maneno yetu," Shee akasema.

"Limo sasa."

Mlangoni mwa jiko nilimwona Roseline. Hakuwa na uso wa mwalimu tena. Alikuwa ameishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili.

Gedion akakichukua kifuu cha kwanza. Akameza. Akatabasamu.

"Hili nalijua sana. Ndilo nililolitema."

Ua likalipuka kwa kicheko, na Mzee Boga akaficha mdomo kwa kiganja. Alikuwa amekwenda kulinunua kwenye kilabu kilekile.

Kifuu cha pili. Gedion alikunywa, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyefika kwao.

"Hili ni langu," alisema. Angeweza kuishia hapo. Shee alikwisha kuinua mikono kumshukuru Mungu. Lakini mbele yake kulikuwa na kifuu cha tatu, na Gedion hajawahi kuruka kikombe maishani.

Akakinywa. Akakinusa. Akanywa tena.

"Hili silijui, mzee. Lakini hukulinunua."

"Nimekwambia nimelinunua."

"Halijapita barabarani. La kwangu nimelibeba kwa miguu, na bado limechoka kidogo kwa safari. Hili halijaondoka mahali." Sasa alikuwa anaongea ile lugha yake ya ghalani, taratibu, bila kumtazama mtu. "Halijatimiza saa sita tangu literemshwe. Mti wake ni mzee. Na aliyegema amekata nene. Si kisu, maana kisu kilikuwa kikali, hakuna ukakasi, kuna uchungu wa mti tu. Ni mkono. Mkono unaojua kazi lakini uliokaa muda mrefu bila kuifanya. Miaka, labda."

Hakuna aliyecheka. Mkewe Mzee Boga, aliyekuwa akipita na sahani za wali, akasimama. Akageuka akatazama nyuma ya jiko, ulipo mnazi pekee wa ua ule. Watu wote wakatazama naye. Juu kabisa, chini ya makuti, kulikuwa na kibuyu kidogo kinaning'inia, na kamba yake ilikuwa mpya.

"Boga," mkewe alisema.

"Mama, subiri wageni waondoke."

"Boga! Umepanda?"

"Nimepanda kidogo tu."

"Mnazi unapandwaje kidogo? Na chuma ulichowekewa kwenye nyonga, ulikiacha chini?"

"Nilitaka kumjaribu kijana kwa tembo asilolijua mtu!"

"Na sasa wanalijua wote mpaka barabarani!"

Shee akainama kwa heshima zote. "Wallahi, mzee wangu, ungemwacha tu aendelee kutema."

Kicheko kilichofuata sijakisikia katika nyumba yoyote ya mvinyo duniani. Wazee walilia. Mmoja alianguka kutoka kwenye kiti cha plastiki, akaachwa palepale. Mzee Boga mwenyewe alijaribu kukasirika, akashindwa, akaketi akijipiga paja la mguu mzima, huku mkewe amesimama juu yake na sahani ya wali kama hakimu. Katikati ya makelele hayo nilimsikia mzee akisema, si kwa mtu yeyote: "Miaka minane. Kijana ameisikia miaka minane."

Kelele zilipopungua akaomba kadzama iletwe. Akajaza kifuu, akamwaga matone machache ardhini kwa ajili ya waliotangulia, naye baba yake Roseline miongoni mwao. Akanywa. Alichukua muda wake. Ua likatulia tena, maana kushinda mtihani ni jambo moja na tembo kupita ni jingine.

"Mti mmoja," Mzee Boga akasema hatimaye.

"Mmoja, mzee."

"Mfupi."

"Mfupi."

"Una mbuzi karibu."

Gedion akapumua. "Zizi liko nyuma yake, mzee."

Wakatazamana, mgema na mwonja chai, na nadhani kwa dakika ile hapakuwa na mtu mwingine uani. Kisha Mzee Boga akampa mkono. Kwa watu wa huku mkono hutolewa na kurudishwa haraka. Huu ulikaa.

Kilibaki kitu kimoja, na bila hicho kadzama huwa ni kibuyu tu. Roseline akaitwa. Akaja akapiga magoti kando ya baba yake mkubwa, macho chini, kama inavyotakiwa.

"Mwanangu, tembo hili limeletwa kwa jina lako. Tulinywe au tulimwage?"

Roseline aliinua macho. Akamgeukia Gedion, akanyoosha mkono mtupu kama mwalimu anayemnyang'anya mwanafunzi mpira. Gedion alielewa. Akatia mkono mfukoni, akatoa lile kopo la maziwa ya unga, akampa. Sikujua kwamba bado alikuwa analibeba. Roseline akaliweka chini, mdomo umeelekea ardhini, akalikalisha vizuri kwa kiganja.

"Linyweni, baba mkubwa," akasema.

Vigelegele vilianzia kwa shangazi zake, vikapita ukuta, vikapokewa na nyumba ya jirani, kisha na ya pili yake. Mzee Boga akajaza kifuu mpaka ukingoni, akampa mkwewe. Gedion akakipokea kwa mikono miwili. Hakufyonza. Alikunywa taratibu, kimya, mpaka mwisho, ua zima likimtazama koo, kisha akakigeuza kifuu juu chini mbele ya watu wote.

Halikudondoka hata tone.